Mguu wa Kulia wa Mwalimu Breki

Rafiki yangu Breki amefundisha watu kuendesha gari kwa miaka ishirini na mbili, na sijawahi kusikia amemsifu hata mmoja. Mwanafunzi akifaulu mtihani, yeye humpa mkono na kumwambia, "Haya, nenda kawaue wengine. Mimi nimeponea chupuchupu."

Jina la Breki alipewa na hao hao wanafunzi. Gari la shule lina breki ya pili upande wa mwalimu, chini ya mguu wake wa kulia, na mguu huo haujui kupumzika. Miaka imeupa akili zake wenyewe. Mketishe sebuleni kwake mbele ya televisheni, gari la kwenye filamu likate kona vibaya, utaona kisigino kinakandamiza zulia. Zulia lenyewe lina tobo pale mbele ya kochi. Mumewe, fundi redio, mtu mpole asiye na makuu, aliacha kupanda gari moja naye mwaka wa tatu wa ndoa. Wakialikwa mahali, mume hutangulia kwa basi, mke hufuata na gari, wakikutana mlangoni husalimiana kama watu waliopotezana siku nyingi.

Mimi ni msusi. Breki hukaa kwenye kiti changu kila mwisho wa mwezi, na hata pale, nikimgeuza kichwa kushoto, ananiambia nitoe ishara kwanza.

Tuko marafiki wanne. Wa tatu ni Nesi, mkubwa wetu, aliyefanya kazi wodi ya wanaume mpaka akakoma kuwaonea wanaume aibu ya aina yoyote. Wa nne ni Wifi, dada yake fundi redio, muuza mapazia. Ni wifi wa Breki peke yake, lakini sote tunamwita hivyo kwa sababu ana maneno ya uwifi yanayotutosha sote. Yeye na Breki wanagombana tangu siku ya harusi. Asiyewajua hudhani wanachukiana. Anayewajua pia hudhani hivyo, isipokuwa siku mmoja wao akiugua.

Kwa miaka mitatu tulikuwa na kundi letu la simu linaloitwa Kilimani Jumamosi, na katika miaka hiyo yote hatukupanda hata tuta la barabarani. Kundi lilikuwa la kutumiana picha za watoto wa watu na dawa za gesi tumboni. Ndipo Nesi akastaafu. Wiki ya kwanza nyumbani alipanga makabati yote, wiki ya pili akayapangua, wiki ya tatu akatuandikia: "Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, kituo cha basi. Asiyekuja namfuta."

Tukaenda.

Tulipanda basi kwa sababu watatu wetu tulikataa katakata gari la Breki. Yeye akakaa kiti cha nyuma ya dereva. Tulipofika chini ya kilima dereva yule alishuka wa kwanza, akasimama kando ya barabara, akavuta pumzi kama mtu aliyetoka kuhojiwa polisi.

Breki alikuwa na viatu vipya, miwani ya jua na filimbi shingoni. Nesi alibeba sanduku la huduma ya kwanza ambalo ungeweza kuzalishia mtu. Wifi alikuwa na chakula: mayai ya kuchemsha, mikate, ndizi, chupa mbili za chai. Mimi nilivaa wigi langu jipya, maana msusi asiyejipamba atamshawishi nani?

Hatukuwa tumepiga hatua ishirini filimbi ikalia.

"Mstari mmoja!" Breki akasema. "Nesi mbele, msusi wa pili, Wifi wa tatu, mimi nyuma. Na muache nafasi. Wifi, umembana msusi. Akisimama ghafla utamgonga."

"Nitamgonga na nini?" Wifi akauliza.

"Kwa ulivyojaliwa mbele, huhitaji kuuliza."

Tukaenda. Mti ukiwa umeinama njiani, filimbi. Jiwe, filimbi. Nesi akaingia kwenye kona, Breki akataka kujua kama ametazama kwanza kama kuna anayekuja. Nesi akasema kama kuna anayekuja basi na ajitazame mwenyewe. Hewa ilikuwa safi, ndege wanaimba, na sisi tunaambiwa tushushe gia.

Kwenye mapumziko ya kwanza Wifi akatua mfuko chini.

"Jamani, mimi naomba tupige kura," akasema. "Huyu mke wa kaka yangu anyamaze mpaka juu. Asiseme neno. Hata moja."

"Naunga mkono," Nesi akasema, kabla ya Wifi kumaliza.

Wote wakanitazama mimi. Breki ni mteja wangu, na mteja ni mfalme. Lakini nilikuwa nimepigiwa filimbi kwa kujikuna. Nikanyoosha mkono.

Breki akavua filimbi, akaitia mfukoni taratibu, kama askari anayerudisha sare. "Sawa. Lakini msije mkaniuliza kitu."

"Hatutakuuliza," Wifi akasema, akashika uongozi.

Saa moja iliyofuata ilikuwa tamu. Tulisengenya watu wote tunaowafahamu na wawili tusiowafahamu. Nyuma yetu Breki alitembea kimya, uso umejaa maneno kama chungu kinachotaka kuchemka kifuniko kikiwa kimekazwa. Tulifika mahali njia inagawanyika, Wifi akachukua ya kulia kwa sababu ilikuwa na kivuli. Breki akakohoa.

"Kikohozi nacho ni maneno," Nesi akasema bila kugeuka.

Tukapanda. Tukapanda tena. Wigi lilianza kuniteremka mpaka kwenye nyusi. Mwishowe Wifi akapiga kigelegele: tumefika! Tulikuwa juu kweli, kwenye uwanja mdogo wa mawe. Katikati ulisimama mnara wa simu umezungushiwa uzio, na kando yake jenereta linanguruma. Wifi akajipiga picha. Nesi akalia kidogo, akasema ni jasho.

Kisha nikatazama ng'ambo. Upande wa pili wa bonde kulikuwa na kilima kingine, kirefu mara mbili ya hiki, na juu yake watu wadogo kama sisimizi wanapunga bendera.

"Wale wako wapi?" nikauliza.

"Kileleni," Breki akasema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza baada ya saa nzima na ilitoka na vumbi. "Mshale mwekundu ulichorwa kwenye jiwe pale njia panda. Mkubwa kama mlango. Ulielekea kushoto."

"Na wewe uliuona?" Wifi akasema.

"Nilikohoa."

Tukamenya mayai. Nilimtazama Breki akila yai lile, na nakwambia sijawahi kuona mtu akila yai kwa raha vile.

Wifi, kwa hasira ya kushindwa, akaamua tusirudi kwa njia tuliyojia. Kulikuwa na mteremko mfupi wa changarawe, akasema utatukatia nusu ya safari. Nesi akasema magoti yake yana maoni tofauti. Wifi hakumsubiri. Akaweka mguu wa kwanza, akaweka wa pili, na wa tatu hakuuweka yeye, uliwekwa na changarawe. Akakaa chini kwa kishindo, akaanza kuteleza kwa makalio, polepole kwanza, kisha kwa kasi, mfuko wa ndizi mapajani, mdomo wazi.

Breki alikuwa nyuma yake hatua tatu. Angeweza kumshika mkono. Angeweza kupiga kelele. Lakini mguu wake wa kulia haukusubiri ushauri. Uliinuka, ukakanyaga breki kwa nguvu zote za miaka ishirini na mbili, na chini hapakuwa na breki. Palikuwa na jiwe la mviringo.

Wifi alisimamishwa na kichaka, mzima, na hata ndizi moja haikupondeka. Aliyebaki chini anagumia ni Breki, ameshika kifundo cha mguu.

"Ulikuwa unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa namsimamisha!"

Wifi akapanda kwa mikono na magoti, majani kichwani. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema, na papo hapo akamkumbatia kichwa na kuanza kulia. "Pole, mke wa kaka yangu. Pole. Mjinga wee. Pole."

Nesi akafungua sanduku lake kwa furaha ambayo haikumfaa mtu wa kazi ile. Akabonyeza hapa na pale, akasema mfupa unaelekea kuwa salama, lakini mguu huo hautakanyaga kitu leo wala kesho. Akaufunga bandeji. Tukambeba watatu mpaka penye mnara, Wifi amemshika chini ya kwapa, mimi na Nesi tumegawana miguu, na njia nzima Breki anatuambia tunavyokosea kumbeba. Hatukukumbuka tena habari ya kura.

Hapo ndipo tulipokuta pikapu imeegeshwa kando ya uzio. Kumbe upande wa nyuma kulikuwa na barabara ya magari. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, ndani ya ovaroli, alikuwa analitia jenereta mafuta. Akageuka, akatuona, akavua kofia haraka mpaka ikamponyoka.

"Mwalimu! Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba," Breki akasema. "Nani wewe?"

"Hunikumbuki? Mimi Kinyonga."

Breki alimkumbuka. Nilimwona usoni. Kwa miaka yote yeye huwapa wanafunzi majina kulingana na makosa yao: yupo Rivasi, yupo Gia Moja, yupo mchungaji mmoja anayeitwa Ukuta. Huyu alikuwa Kinyonga kwa sababu kila uamuzi ulimchukua nusu saa.

"Ulinifelisha mara tatu, Mwalimu," akasema, bila kinyongo chochote, kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa. "Mara ya mwisho uliniambia dunia ina watu wa usukani na watu wa viti, nikatafute kiti kizuri nikae."

"Na leseni umepata wapi?"

"Mji mwingine, mara ya nne. Alinifundisha mzee mmoja, alikuwa analala njiani."

"Analala? Mwalimu?"

"Ndiyo. Nikaona basi, lazima mimi nikae macho."

Alijitolea kutushusha mpaka zahanati. Nesi akamweka Breki mbele, akaagiza mguu uinuliwe usivimbe zaidi. Pa kuuinulia palikuwa mahali pamoja tu, juu ya dashibodi. Kwa hiyo Breki akakaa amelala nusu, mguu wa kulia umefungwa bandeji uko juu kwenye kioo cha mbele kama mzigo wa mtu mwingine. Sisi watatu tukapanda nyuma, katikati ya nyaya na madumu. Dirisha la nyuma halikuwa na kioo, tulisikia kila kitu.

Barabara ilikuwa mbaya, upande mmoja mlima, upande wa pili hewa tupu. Kinyonga akawasha gari, akaanza kunong'ona.

"Klachi. Taratibu, hujakanyaga mende. Gia. Tazama kioo. Kioo, wewe, hakikuwekwa ukamulie chunusi. Haya, twende, hili ni gari, si mbuzi wa kuvutwa kamba."

"Unaongea na nani?" Breki akamuuliza.

"Na mimi mwenyewe, Mwalimu. Samahani. Ndivyo ninavyoendesha."

"Kila siku?"

"Kila siku. Bila matusi gari haliondoki."

Wifi akanifinya paja. Tulikuwa tunayajua maneno yale. Mtaa mzima unayajua. Ilikuwa sauti ya Breki neno kwa neno, mpaka ile namna yake ya kuvuta "wewe" kama mtu anayevuta maji kisimani, ila sasa ilikuwa inatoka kwenye mdomo wa mwanaume mwenye ndevu, na yeye mwenyewe amekaa pembeni anaisikiliza.

Kona ya tatu tulikutana na trekta linapanda, limevuta tela la mabomba. Halikuweza kurudi nyuma. Wa kurudi nyuma tulikuwa sisi, tena kupanda, tena kwenye kona. Kinyonga akaweka rivasi. Gari likatikisika, likazima. Akawasha. Likazima tena, na safari hii likashuka kidogo kuelekea trekta. Madumu yakagongana. Nesi akaanza kutafuta kitu cha kushika, akashika wigi langu.

Kinyonga alikuwa anatiririka jasho. "Kinyonga wewe," akanong'ona, "hata kinyonga wa porini angekuwa amefika. Una miguu miwili na yote ya kushoto. Mama yako amekulea kwa taabu yote ile, kumbe alikuwa anapoteza chakula."

Dereva wa trekta alizima injini akisubiri, hata mnong'ono ukasikika.

"Hilo nilisema mimi?" Breki akauliza. Sauti ndogo, sijawahi kuisikia.

"La mwisho ni la mtihani wa tatu, Mwalimu. Dirisha lilikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama hapo nje, alikuja kunisubiri."

Nikaona bega la Breki linashuka. Nikaona pia mguu wake pale juu ya dashibodi unajikunja na kujikunjua, unatafuta breki hewani. Hakuna kilichosimama.

"Acha maneno hayo," akasema mwishowe. "Yote. Nisikilize. Mimi leo sina mguu, umeuona ulipo. Mwenye miguu ni wewe. Handbreki iko juu?"

"Iko juu."

"Inua klachi pole pole mpaka usikie gari linapumua."

"Linapumua."

"Ongeza mafuta. Kidogo tu. Sasa achia handbreki. Usiogope, halitakwenda mahali bila wewe."

Gari likarudi nyuma likipanda, laini, kama droo ya kabati jipya. Likazunguka kona, likasimama penye nafasi, trekta likapita, dereva wake akapunga mkono.

"Umeweza," Breki akasema. "Umeweza vizuri."

Wifi akamgeukia Nesi. "Mtazame vizuri tukifika. Huenda amegonga na kichwa."

Zahanati walisema ni mishipa imevutika, hakuna mfupa uliovunjika, akae wiki sita bila kuukanyagia mguu huo. Wifi alihamia kwake wiki nzima kumhudumia, na siku ya nane fundi redio alimwomba dada yake kwa adabu zote arudi kwake, kwa sababu amechoka kuamua ugomvi wa nani kaongeza chumvi. Shule ya udereva ilileta mwalimu wa muda, kijana mpole anayesema "tafadhali". Breki aliniambia kwa uchungu kwamba waliofaulu hawakuongezeka wala kupungua.

Aliporudi kazini alijaribu upole. Alijaribu siku mbili. Siku ya pili mwanafunzi mmoja aligonga geti la shule wakati Breki anatafuta namna nzuri ya kumwambia asimame. Tangu hapo amerudia kelele zake, ila mama za watu amewaacha. Hiyo ni hatua. Wengine hawafiki hata hapo.

Na kilima hatujapanda mpaka leo. Tunasema tumepanda. Picha ya Wifi iko kwenye duka lake la mapazia, ameukata mnara usionekane.

Mwisho wa mwezi ule wa kilima, kabla hajarudi kazini, Breki alikuja saluni na mkongojo. Nikamlaza kwenye sinki, nikaanza kumwosha. Mtu mwenye povu kichwani hawezi kukukimbia, na pengine ndiyo sababu alichagua kuongea hapo.

"Nilimwomba Kinyonga namba ya mama yake," akasema, macho amefumba.

"Ukampigia?"

"Nikampigia. Nikajieleza mimi ni nani. Nikamwambia siku ile nilikosa, naomba anisamehe."

"Akasemaje?"

"Akasema amesamehe zamani. Halafu akasema, lakini kwa kuwa umepiga wewe mwenyewe, subiri nikae, na mimi nikwambie yangu." Breki akavuta taulo shingoni. "Dakika arobaini. Alinipa vidonge vyangu vyote, vya asubuhi na vya jioni. Sauti anayo yule mama. Ningempata mapema ningemwajiri."

"Na wewe ukasikiliza tu? Hukumkatiza?"

"Mara moja. Alikuwa anarudia."

Nilicheka mpaka nikamwagia maji sikioni.

"Tazama unachofanya," akasema. "Na suuza, povu linaingia machoni."